Lori la Pangani

Wiki jana tulimwacha Zita amesimama pembeni mwa shamba lake mwenyewe, Kaengesa, mdomo wazi. Alikwenda kuliaga. Zilikuwa zimebaki siku chache tu yeye, mumewe Felisian, watoto wao na mama mkwe waihame Sumbawanga, wahamie Pangani, mji mdogo mtulivu huko pwani. Felisian alisema kuna mwekezaji anajenga hoteli, na yeye amepata kazi ya kutunza stoo.

Badala ya shamba tupu akakuta watu. Wanalima, wanacheka, na kivulini imepangwa mitungi ya pombe.

"Pombe ya nani hii?" aliuliza.

"Ya mumeo," akajibu mzee Modesti.

Mhariri akakatia hapo hapo. Tangu Jumapili watu wananisimamisha sokoni kuniuliza, kana kwamba mimi ndiye niliyepanga kurasa. Haya, tuendelee.

Shambani walikuwa wanalima ntumba. Wasomaji wa Ufipa hawahitaji maelezo, lakini gazeti hili linafika mbali, kwa hiyo nivumilieni. Mvua zikikaribia kuisha, udongo ungali laini, Mfipa hukusanya majani na kuyafunika kwa udongo, mpaka shamba zima linajaa vichuguu vya mviringo. Hizo ndizo ntumba. Majani yanaoza humo kiangazi chote. Mvua za msimu unaofuata zikianza, anazitawanya, anapanda ulezi.

Kwa hiyo ntumba si chakula cha leo. Anayelima ntumba anasema kwamba mwakani kuna mtu atakuwepo hapa anakula.

Sasa niambie wewe, mtu anayehama wiki hii analima ntumba za nini?

Zita alichukua kata, akachota pombe kidogo, akaonja. Akatema.

"Hii haikupikwa nyumbani. Hii ni ya kuuza."

"Imetoka Mpui," alisema Modesti, macho yake yako kwenye jembe. "Kwa Hellena. Yule mjane mpika pombe."

Hapo napo pana jambo. Watu wakiitwa kulima kwa pombe, pombe hiyo hupikwa na mama mwenye shamba. Ndiyo heshima yake. Mume kwenda kununua pombe ya kuitia watu shamba la mkewe, na mkewe yupo mzima ana mikono miwili, ni habari ya kusimuliwa kisimani mwezi mzima. Na shamba hili halikuwa hata la Felisian. Zita aliachiwa na marehemu baba yake, pamoja na nyumba ya bati iliyo juu yake kidogo.

"Shamba langu limeuzwa, mzee? Kauziwa Enock?"

Enock ni Msukuma aliyehamia upande wa bondeni na ng'ombe wake miaka michache iliyopita. Siku hizi kila kinachopotea Kaengesa, Enock ndiye wa kwanza kutajwa.

"Enock anataka majani," alisema Modesti. "Ntumba za nini kwake?"

"Basi ni za nani?"

Mzee alinyoosha mgongo, akatazama barabarani. Uso wake ulipata nafuu kama wa mtu aliyetuliwa mzigo.

"Mwenyewe huyo anakuja. Muulize."

Felisian alikuwa anakuja kwa baiskeli, shati jeupe la mtumba limepigwa pasi. Huyu bwana alikuwa mtunza ghala wa ushirika kwa miaka mingi. Wafanyabiashara wenye malori walipoanza kununua mahindi wenyewe, ghala likabaki na panya, na Felisian akapunguzwa kazi pamoja na wenzake. Tangu hapo anashinda mjini na watu wa malori. Ameongezeka maneno.

"Mama Debora," alisema, hata kabla hajashuka. "Nilitaka nikwambie jioni. Umeniwahi."

"Uniambie nini, Baba Debora?"

"Mama yangu hataki kwenda Pangani. Anasema joto la pwani litamuua. Anabaki. Sasa akibaki, mwakani atakula nini? Ndiyo nikawaita wazee wanisaidie."

"Pombe umenunua."

"Wewe una mizigo ya kufunga, una watoto. Nikuongezee na kupika pombe?"

Zita alipumua. Lilikuwa jibu zuri, na mke anayempenda mumewe akipewa jibu zuri hulipokea kwa mikono miwili. Alijiona mjinga, hata akacheka kidogo.

Mimi ningekuwa yeye ningeogopa. Mwanamume aliyefumaniwa akaeleza kila kitu bila kubabaika hata neno moja, huyo kafanya mazoezi.

*

Zita alirudi Sumbawanga. Alimkuta mama mkwe wake, Bibi Salome, ukumbini, anafunga furushi na anaimba. Pembeni yake alikaa kitinda mimba wa Zita, mtoto wa miaka mitatu aliyepewa jina la bibi yake. Ndiyo maana bibi akawa anamwita Somo, na nyumba nzima ikafuata.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nishikie kamba hapa."

Zita alishika kamba. Kisha akauliza taratibu, "Mama, mbona unafunga? Baba Debora ameniambia wewe unabaki."

"Nani abaki?" Bibi Salome alicheka. "Nimeambiwa bahari ni kubwa kuliko Ziwa Rukwa na Tanganyika ukiyaunganisha. Nife sijaiona? Mimi nakwenda, mama. Nimeshafunga hata..."

Mikono yake ikasimama juu ya fundo.

"Umeshafunga nini, mama?"

"Muulize mumeo vizuri," alisema bibi kizee kwa sauti nyingine kabisa. "Labda hamkuelewana."

Wakamaliza kufunga furushi. Somo peke yake ndiye aliyekuwa anaongea.

Basi Felisian alikuwa amedanganya. Na Zita hakumwuliza. Alijua ukimwonyesha mwongo kwamba umemshika, anakwenda kutunga uongo mwingine ulio imara kuliko wa kwanza. Alimpakulia chakula, akamsikiliza akisifia Pangani. Nyumba ya sakafu ya saruji. Upepo wa bahari. Mji hauna fujo, kila mtu na shughuli zake.

"Na hakuna anayetufahamu," alisema Felisian, akitabasamu kwenye sahani. "Tutaanza upya."

Mtu mwenye mke wa ndoa ya kanisa, watoto watatu na mama mzazi, anataka kuanza upya kitu gani? Zita aliliwaza hilo mpaka ugali ukapoa.

*

Siku iliyofuata aliaga kwamba anakwenda kumtazama shangazi. Akapanda pikapu ya abiria mpaka Mpui.

Hakupata shida ya kuuliza. Nyumba ya Hellena inajulikana, kwa sababu kila mwenye kiu anaifahamu njia yake. Lakini siku hiyo hapakuwa na walevi. Mwanamke mmoja alikuwa anatoka na mtungi kichwani. Nyuma yake mwingine, naye ana mtungi.

Mlangoni alisimama mwenyewe Hellena, mwanamke mrefu, mpole wa sauti, mikono imekomaa kwa moto.

"Chukua na ule mdogo, mama," alikuwa anamwambia jirani. "Hauvuji ule."

"Karibu, dada," alimwambia Zita. "Ila nisamehe, pombe sina. Kazi hii nimeiacha."

"Umeiacha? Na mitungi unagawa?"

"Itanisaidia nini tena? Nimepata pa kupumzikia."

Mpika pombe na mitungi yake ni kama fundi cherehani na cherehani yake. Hawezi kuigawa mpaka ajue kuna mtu atakayemlisha.

"Dada umetoka wapi?" aliuliza Hellena.

"Kaengesa."

Uso wa Hellena ulibadilika kidogo tu. Akainama, akaokota jani lililokuwa halimsumbui mtu.

"Nasikia Kaengesa wamelima ntumba nzuri mwaka huu," alisema polepole. "Mwenye shamba hatalala njaa."

Zita hakuaga. Alitoka pale, na ndani ya pikapu ya kurudi akapata picha nzima. Yeye na watoto watapakiwa kwenye lori. Dakika ya mwisho Felisian atakumbuka shughuli, atasema tangulieni, nakuja. Hatakuja. Watatelekezwa mji wasikomjua mtu, na Hellena atahamia Kaengesa, kwenye nyumba ya bati aliyoijenga baba yake, avune ulezi kwenye shamba lake. Aliumia mpaka machozi yakamtoka mbele za watu, na hakuyafuta.

Akaapa moyoni. Lori hilo hatalipanda mpaka amwone Felisian amelipanda kwanza.

*

Wala haikumlazimu kupanga mbinu. Felisian mwenyewe alimletea.

"Mama Debora, kesho lori linapakia asubuhi. Nimefikiria. Wewe na wasichana mtangulie Kaengesa, mhudhurie misa, muwaage watu. Kanisa lilelile tulilofungia ndoa. Sisi tutapakia, tutawapitia barabarani."

Zita alimtazama. Kumbe hii ilikuwa bora kuliko alivyotaka. Atakuwa Kaengesa, karibu na shamba lake. Lori likifika bila mume, hapandi. Anateremsha mizigo yake, anarudi nyumbani kwa baba yake, na Hellena atamkuta mlangoni.

"Na wewe utakuwa ndani ya lori?"

"Nitakaa wapi tena?"

"Nitakuona umekaa mbele?"

"Utaniona nimekaa mbele," alisema Felisian, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo alisema kweli.

"Somo ana kikohozi," alidakia Bibi Salome kutoka chumbani. "Asitangulie na baridi hiyo ya asubuhi. Nitakuja naye mimi, mbele kwa dereva kuna joto."

Zita alisita. Hakulipenda hilo. Lakini kikohozi kilikuwa cha kweli, usiku uliopita hakikumpa mtoto usingizi. Na bibi ni bibi. Akakubali.

Msomaji, najua unapiga meza. Hata mimi.

*

Asubuhi Kaengesa ilikuwa na ukungu. Misa ilikwisha, Zita na binti zake wawili wakaja kusubiri uani kwa mzee Modesti, nyumba inayopakana na barabara. Debora, mkubwa, ana miaka kumi na minne na macho ya kuona kila kitu. Mdogo wake Angela alikuwa amekalia furushi, anauliza kama bahari ina mamba.

Coleta, mke wa Modesti, aliwaletea uji wa ulezi. Ng'ambo ya barabara Enock alikuwa anaswaga ng'ombe wake kuelekea mtoni, kundi refu linaloishia ukunguni.

"Mwanangu," alisema Modesti, "tusamehe, sehemu ya chini hatukuimaliza. Jumatatu tutarudi. Pombe imekwisha lakini tutarudi hivyo hivyo."

"Msijisumbue, mzee," alisema Zita kwa uchungu. "Mama mkwe wangu habaki. Ntumba zile mnamlimia mwanamke wa Mpui."

Modesti alimtazama mkewe. Coleta akaweka kata chini.

"Nani, Hellena?" aliuliza Coleta. "Tumlimie Hellena kwa lipi? Si tunakulimia wewe?"

"Mimi?"

"Felisian alikuja hapa mwenyewe, akakaa hapo ulipokaa," alisema Modesti. "Akasema, naenda pwani kutafuta maisha, Zita anabaki na watoto. Nisaidieni wazee, mwakani asilale njaa. Na pombe msimwambie apike, moyo wake una huzuni. Sisi tukasema huyu ndiye mume. Ulipokuja kuuliza pombe ya nani, nikajua mna lenu ndani ya nyumba. Nikaona si mahali pangu."

"Mimi ndiye ninayebaki," alisema Zita. Hakuwa anauliza.

"Si ndiyo maana umekuja na vitu vyako?"

Wote wakatazama lile furushi, na Angela juu yake, na bakuli lake la uji.

Kwa hiyo ilikuwa hivi. Mwanamke wa watu alikuwa anaogopa kunyang'anywa shamba, kumbe ndilo analoachiwa. Pangani anakwenda mwingine. Kama Felisian angeanza kufunga kamba kabati peke yake, mke angeuliza. Akaona njia nyepesi ni kumwambia tunakwenda wote, kisha amfanye aende mwenyewe, kwa miguu yake, mahali alipokusudia kumwacha. Hapa Ufipa asingeweza kuoa mke wa pili mbele ya kanisa lilelile. Pangani nani atajua?

Na angefaulu. Angeondoka kimya asingegundulika mpaka apite Tunduma. Lakini Mfipa ni Mfipa. Msimu umefika, majani yamesimama, udongo umelainika, na yeye aliache shamba bila ntumba? Alikuwa na moyo wa kumtupa mke barabarani, hakuwa na moyo wa kuupoteza msimu. Akatafuta watu, akanunua pombe kwa yule yule anayetoroka naye. Hellena naye akapika, kumbe anampikia mwenzake chakula cha mwakani. Wapo watu wanaotuliza dhamiri zao hivyo, na wanalala usingizi mzuri.

Zita alikuwa ameumia kiasi kwamba hakusikia maneno ya Coleta. Halafu akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto.

"Somo," alisema. "Somo yuko kwenye lori."

Hapo ndipo muungurumo ukasikika, mbali, upande wa Sumbawanga.

Halikuwa linakuja kuwachukua. Sasa hilo alilijua. Litapita mbio, na mwanawe yumo.

Alivuka ua, akavuka barabara.

"Kaka Enock."

"Mama Debora. Habari za asubuhi?"

"Ng'ombe wako wavushe barabara. Sasa hivi. Wote."

Enock alisikiliza. "Kuna lori linakuja, mama."

"Najua."

Enock alimtazama usoni kwa muda wa kupepesa jicho. Kisha akapiga mluzi. Sijui ni kwa nini mtu anayesingiziwa kila kitu kijijini awe ndiye wa kwanza kusaidia bila kuuliza, lakini ndivyo ilivyokuwa. Kundi likageuka, likamwagika barabarani, pembe tupu, taratibu, kama ng'ombe wanavyojua kuwa taratibu mtu akiwa na haraka.

*

Lori lilitokea ukunguni likapiga breki. Likapiga honi. Ng'ombe hawakusikia, au walisikia wakapuuza.

Nyuma kulipangwa magunia ya mahindi, na juu ya magunia kabati la Zita, meza ya Zita, kitanda cha Zita. Mbele walikaa watu wamebanana. Dereva. Felisian. Bibi Salome, na mapajani mwake Somo, amefungwa shali. Na mlangoni kabisa, amevaa gauni jipya na kilemba, Hellena wa Mpui, aliyekuwa amekwenda kupandia mjini.

Hellena alimwona Zita, akamtambua. Mwanamke wa Kaengesa aliyekuja kuulizia pombe. Midomo yake ikatengana, halafu akamgeukia Felisian, taratibu sana.

Felisian alikuwa ameinama anatafuta kitu miguuni pake. Hakuna aliyejua ni nini.

"Mama," Somo alisema, akanyoosha mikono.

Zita akafungua mlango. Bibi Salome alimkumbatia mtoto kwa nguvu zaidi.

"Nipe mwanangu, mama."

"Huyu ni jina langu," alisema bibi kizee, machozi yanamlengalenga. "Wale wawili nimekuachia. Huyu niachie mimi."

Dereva alikuwa mtu wa Mbeya, hana habari na mambo ya Kaengesa. Alizima injini kwa hasira.

"Bwana Felisian, kuna nini? Huyu mama ni nani?"

Watu waliotoka misani walikuwa wamesogea. Modesti alikuwepo, na Coleta, na Debora ameshika mkono wa Angela.

Felisian aliinua kichwa. Alimtazama Hellena, ambaye bila shaka alikuwa amemtambulisha kwa dereva kuwa ni mkewe. Aliwatazama watu. Kisha akamtazama mwanamke aliyeishi naye miaka kumi na mitano.

"Ni dada yangu," alisema.

Coleta alishika kinywa. Modesti alipiga hatua mbele, mdomo umefunguka, lakini Zita aliinua mkono.

"Tulia, mzee."

Nimejaribu kuielewa sauti hiyo. Wote waliokuwepo wanasema haikuwa na hasira. Nadhani aliyaona mambo mawili kwa pamoja. Akisema mimi ni mke, zitapigwa kelele mpaka ng'ombe wamalize kuvuka, kisha dereva atawasha lori na kuondoka, maana mzigo wa mahindi hausubiri ndoa za watu. Yeye atabaki na ntumba zake. Baba wa watoto, nyumba waliyoahidiwa, vitanda vyao, vyote vitakwenda zake, pengine na mtoto. Lakini dada wa mtu ana nafasi yake ndani ya lori.

"Ni kweli, mama?" dereva alimwuliza Bibi Salome. "Huyu ni binti yako?"

Bibi kizee alimtazama mwanawe. Alimtazama Zita. Kila upande palikuwa na aibu, akachagua iliyokuwa karibu.

"Ndiyo," alisema. "Ni binti yangu."

"Umesikia, dereva," alisema Zita. "Mimi ni dada wa huyu bwana. Anampeleka mke mpya ugenini, na kwetu bibi harusi hapelekwi na mama mkwe peke yake. Wifi lazima awepo. Nilikuwa nawasubiri. Mizigo yangu hii."

"Hapana," alisema Felisian haraka. "Yeye anabaki. Alikuja kutuaga tu."

"Kaka, una haraka umesahau. Ni wewe uliyeniambia mtanipitia hapa. Au niwaeleze watu hapa mpango wetu wote ulivyokuwa, wanisaidie kukukumbusha?"

Felisian aliwatupia jicho wale watu.

"Watu wa ukoo mmoja mnabishana nini?" alisema dereva. "Pandeni twende, nina njia ndefu mimi."

"Mbele pamejaa," alisema Felisian kwa sauti ndogo.

"Ndiyo, na mtoto anakohoa, na mama ni mtu mzima," alisema Zita. "Wanaume hukaa juu ya magunia. Shuka, kaka, unipishe."

Dereva akacheka. Alimgonga Felisian begani. "Dada yako ana akili, bwana. Panda juu."

Na Felisian akashuka. Msomaji, angefanya nini? Akatae aseme kwa nini? Alipita mbele ya Modesti, mbele ya Coleta, mbele ya watu waliomsifu kwa huruma yake, akakanyaga tairi, akajivuta juu ya magunia. Hakuna aliyemsaidia.

Zita alimrudia Coleta. "Mama, waambie wamalizie ile sehemu ya chini. Pombe nitapika mwenyewe nikirudi." Kisha akawainamia binti zake. Alimnong'oneza Debora kitu sikioni, kwa muda, huku msichana anatikisa kichwa kukubali na uso wake unakuwa mgumu kama wa mtu mzima.

Halafu akapanda mbele. Alinyoosha mikono, na safari hii Bibi Salome akamwachia mtoto. Akakaa katikati ya mama mkwe aliyemkana na mwanamke aliyevaa gauni jipya, akafunga shali la Somo vizuri.

"Hujambo, wifi," alimwambia Hellena.

Hellena aliinamisha uso. Alikuwa analia bila sauti. "Aliniambia mliachana," alinong'ona, kwa Kifipa, dereva asielewe.

"Njia ni ndefu," alisema Zita. "Utanieleza vizuri."

Enock alipiga mluzi. Ng'ombe wa mwisho akavuka. Lori likaunguruma, likaanza kujivuta kuelekea Mpui, kuelekea Tunduma, kuelekea huko kwenye mji mtulivu ambako hakuna anayewafahamu.

Juu ya magunia, karibu na kitanda cha mama yake, Debora alimkalisha Angela vizuri, akamfunika. Kidirisha cha nyuma ya dereva kilikuwa wazi, na kila neno la huko juu lilisikika hadi mbele. Kisha akamgeukia yule mwanamume aliyekaa kinyume chake, ameficha uso kwa kola ya shati jeupe. Alimtazama mpaka akainua macho.

"Shikamoo, mjomba," alisema Debora.